Ukoo Wenye Kifua

Dada,

Mwanao Elinipenda amechumbiwa. Kijana ni seremala wa Maji ya Chai, mwenye adabu na maneno machache. Wazazi wake walikuja Jumamosi, nusura waondoke bila kutoa posa. Nakuandikia wewe kwa kuwa uliyekuwa ukijadiliwa ni wewe.

Desturi unaijua. Kabla ya kutaja ng'ombe, mshenga hupita kwa majirani akiuliza taratibu: ukoo huu una wachawi? Una wezi? Una kifua? Hapa Nkoaranga hakukosa wa kumjibu. Mama alikohoa damu akafa, ukafuata wewe, kisha kaka. Wakamwambia huo ni ukoo wenye kifua, kila mtu anajua.

Nami nililala nanyi kwenye ngozi ileile. Mama katikati, sisi pembeni, mbuzi nyuma ya ukuta wa fito, moshi umejaa mpaka macho yanawasha. Ulipoanza kukohoa, baba alikujengea kibanda migombani, nikawa nakuletea uji. Ulikuwa ukinifukuza: "Hamia upande wa juu, we kichwa kigumu! Upepo unakuletea pumzi yangu." Sikuhama, upande wa chini ulikuwa na kivuli. Uji ukikushinda niliumalizia mbele yako. Ulinitukana, ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mimi mpaka leo sijaugua zaidi ya mafua ya Julai.

Kwa nini wewe na si mimi? Nimeandikia gazeti la Arusha miaka mingi, nimewauliza watu maswali mengi, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Wiki iliyopita nilimpelekea daktari wa misheni.

"Hakuna anayezaliwa na kifua kikuu," alisema. "Ni vijidudu, vinaambukizwa kwa pumzi. Ila miili haikuumbwa sawa. Ndugu wawili watalala kitanda kimoja, mmoja augue, mwingine asiugue. Huenda kila mmoja amerithi nguvu yake ya kupigana. Nguvu hiyo ni nini hasa, bado hatujui."

Jumamosi baba wa kijana alinigeukia mimi, kwa sababu ndimi niliyemlea binti tangu baba yake alipokwenda mashamba ya mkonge asirudi.

"Mjomba, tuambie. Kifua kimo katika damu yenu au hakimo?"

Neno "hakimo" lingemaliza kazi. Nikawaeleza yote aliyosema daktari, pamoja na lile "hatujui".

"Hilo ni jibu la gazeti," akasema shangazi wa kijana. "Sisi tumekuja kuoa, hatukuja kusoma."

Elinipenda alikuwa mlangoni amebeba chungu cha pombe ya ndizi. Akakitua.

"Shikamoo, shangazi. Mama yangu alimuuguza bibi katika nyumba isiyo na dirisha. Mimi yangu itakuwa na madirisha. Nikikohoa, siku hizi kuna sindano. Anayeogopa simlaumu, lakini aseme ananiogopa mimi, asiwasingizie marehemu."

Angekuwa ameniuliza kwanza, ningemkataza. Ana ulimi wako.

"Tumesikia," mzee akasema, akasimama. "Twendeni."

Wakainuka wote isipokuwa kijana.

"Kaanaeli, inuka."

"Njia ya kupanda huku imenichosha, baba. Acha nipumzike kidogo."

"Seremala mzima anachoshwa na kilima!"

"Ndiyo, baba."

Mzee alimtazama mwanawe, akatazama fimbo yake, akaketi. Wengine wakaketi mmoja mmoja, shangazi wa mwisho.

Nikaamuru pombe igawiwe. Unajua kwamba wakikubaliana, kata moja ya kibuyu huzunguka toka kwao mpaka kwetu, kila mtu anywe pale alipoweka mdomo mwenzake. Elinipenda aliijaza akampa mzee. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akairudisha. Shangazi akafungua kikapu chake, akatoa kata zao, kila mmoja na yake, wakanywa kwa hizo. Walikuja nazo kutoka nyumbani.

Daktari angewasifu. Mimi nimechoka kutafuta kama lilikuwa tusi au busara. Wanaogopa jambo la kweli kwa sababu isiyo sahihi, na sababu sahihi sina ya kuwapa. Harusi ni baada ya kahawa kuuzwa. Binti amekubali, pamoja na kata zao.

Pumzika, dada.

Mdogo wako