Tairi Nililokuchagulia

Kaka yangu,

Nakusihi, barua hii isome peke yako, hata shemeji asijue. Leo dukani nimepima tairi la bei rahisi na lile la bei ghali ili nijaze fomu ya mzigo. Uzito ni uleule! Nikafuta lile ghali kwa petroli. Jina likatoka, chini yake likabaki jina la lile rahisi. Nikampelekea bosi alione. Bosi akacheka: "Karani, wewe shika kalamu, mpira niachie mimi."

Kaka, tairi lako la nyuma, nililokuapia kwamba halitelezi kwenye mvua, lilitoka kwenye rundo hilohilo la matairi ya bei ghali. Usipande pikipiki.

Dukani usipige simu, anapokea bosi. Mpigie fundi cherehani wa jirani na duka, umwambie tu anipe salamu kwamba unatembea kwa miguu; nitajua umeisoma.

Mdogo wako