Mwanalima binti Shee, Sauti Iliyomrudisha Barke kwa Mumewe

Mwaka umetimia tangu tukuzike hapa Kismayo, dada Mwanalima, na mpaka leo wako watu kisiwani kwetu Chovai wasiotaka jina lako litajwe majumbani mwao. Wanasema ulicheza mbele ya wanaume. Ni kweli, ulicheza. Nilikuwapo. Basi naandika mimi, Athmani, mdogo wako, fundi wa mashua, kwa sababu wengine wanaoijua habari hii wanaona haya kuisema. Mimi sioni haya hata kidogo. Naona fahari.

Kwanza niseme kazi yako, maana vijana wa siku hizi hawaijui vizuri. Visiwani kwetu harusi ina nyua mbili. Wanaume wako nje na kahawa yao. Wanawake wako ndani, mlango umefungwa, matanga ya mashua yametundikwa uani ili asipatikane wa kuchungulia. Huko ndani hupiga vugo, ngoma ya pembe za kugongwa kwa vijiti, na vugo likipumzika huja mchezo: mmoja wao huvaa kanzu na kofia, hushika bakora, akawaiga waume, mashekhe na matajiri. Wenye harusi ndio wa kwanza kutaniwa, tena kwa majina yao. Na yanayochezwa ndani hayatoki nje. Mwanamke akimsimulia mumewe, haalikwi tena.

Wewe ulikuwa bingwa wa mchezo huo kutoka Chovai mpaka Kismayo. Bi Salme, kiongozi wa vugo letu, alikuchukua ungali msichana mdogo. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba akamsikia baba akimkaripia mbuzi, na baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda baharini. Alipochungulia akakuta ni wewe. Mama naye alikuwa ametoka mbio jikoni akijifunga leso, akiuliza chakula kiletwe wapi.

"Mchu huyu si wa kusuka mikeka," Bi Salme alimwambia mama kwa lahaja ya visiwani. "Nipe mimi."

Tangu hapo ulifanya kazi kama fundi yeyote. Ndevu zako ulizitengeneza mwenyewe kwa makumbi ya nazi, ukazipaka masizi ya chungu. Ulikuwa na za mzee, za kijana, na za mtu anayejidai ni mcha Mungu. Ulikuja bandani kwangu kila mara na birika la kahawa, ukakaa pembeni wakati manahodha wakibishana nami juu ya mbao na misumari. Nilidhani unanipenda. Kumbe ulikuwa unawasoma wao. Siku moja nilikuuliza unawezaje. Ukasema, "Watu huanza na maneno, ndiyo maana hawawezi. Mimi naanza na kikohozi. Nikishakipata kikohozi cha mtu, maneno yake yanakuja yenyewe."

Harusi ya mvuvi asiye na kitu uliicheza sawasawa na harusi ya tajiri, na zawadi ulizotunzwa na wageni ulimwachia bibi harusi kama kwao ni maskini. Hukusema kwa mtu. Ni wao waliosema, siku ya matanga yako.

Sasa niseme la kisiwa cha Kudhaa.

Nahodha Ishaq alikuwa anamwoza dada yake, na harusi ilikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa alasiri. Wanawake walikuwa uani, nawe ulikuwa umevaa kanzu ya Ishaq mwenyewe, uliyopewa na mkewe, Barke. Ulimcheza Ishaq akirudi kutoka baharini, akila wali, akikuta samaki hana chumvi. Wanawake walikuwa hoi kwa kicheko. Kisha ukasimama, ukakohoa kikohozi chake, ukasema kwa sauti yake nzito: "Barke! Nimekuacha. Talaka tatu."

Kicheko kikakatika. Barke aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani, anakutazama usoni, anaziona ndevu za makumbi, na bado alimkumbatia mtoto kama aliyeachwa kweli. Hivyo ndivyo ulivyokuwa hodari, dada. Na kwa uhodari huo balaa likatokea.

Nje ya ua walikuwa wamekaa Fakihi na Mohdhar, mabaharia wa Ishaq, wanasubiri pilau. Si watu wabaya. Walisikia nahodha wao akitamka talaka nyumbani kwake. Halafu wakasikia wanawake wote wamenyamaza. Wangefikiri nini? Kabla pilau haijapakuliwa, nusu ya kisiwa ilikuwa imepata habari. Ishaq alitoka ufukoni mikono imejaa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, akakuta watu wanampa pole.

"Pole ya nini? Nilikuwa naziba nyufa za mashua!"

"Nani alikuona?" akauliza Mohdhar.

"Mashua."

Watu hawakucheka. Fakihi alikuwa na machozi. Alisema, "Nahodha, usiku wa dhoruba ukiniita nakujua, na upepo wote ule. Nitashindwa kukujua nyuma ya ukuta wa makuti?"

Barke akawaambia, "Alikuwa Mwanalima." Kaka zake, waliokuja harusini kutoka Fuma, walikuwa tayari wamesimama kumchukua. Mmoja akamwambia, "Dada, acha kumtetea mume aliyekutupa. Mwanamke hana koo hilo." Na wanawake wengine waliokuwa uani hawakufungua mdomo. Ya ndani hayatoki nje. Wengine walinyamaza kwa kushika desturi, wengine kwa kuogopa kukosa mwaliko. Barke akapandishwa mashua na mtoto wake, na kesi ikaenda kwa kadhi wa Kismayo. Talaka tatu zikithibitika, asingeweza kumrudia Ishaq mpaka aolewe na mwanamume mwingine, naye amwache. Na wale wawili walikuwa tayari kuapa, na wangeapa kwa moyo safi.

Ungeweza kuendelea kunyamaza, dada. Hakuna aliyekudai. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini kwenu Chovai mume wako Abdulqadir alipokwambia.

"Ukienda kusema, watakwambia uonyeshe."

"Nitaonyesha."

"Mbele ya wanaume? Koo lako, mke wangu, wakae walisikilize wanaume wa Kismayo?"

"Aliyemwacha Barke si Ishaq, Abdulqadir. Ni mimi. Sasa nimwache akae Fuma analia, mimi nile wali?"

"Ukitoka mlango huu kwa kazi hiyo, usirudi."

Ulimtazama Zakia aliyekuwa anachezea vifuu kizingitini, binti yako wa pekee, halafu ukanigeukia mimi. "Athmani, mashua yako inavuja?"

"Kidogo."

"Basi chukua na kata ya kukumbia maji."

Bi Salme alikuwa ufukoni, amesimama majini mpaka vifundoni, leso imeloa. Alikwambia, "Ukiwafungulia wanaume mlango huu, sisi hatuna mchezo tena. Na wewe hutakaa nasi."

Ukamwambia, "Najua, bi. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Yule bibi alisukuma mashua yetu kwa mkono wake, akarudi zake.

Kwa kadhi tulikuta sebule imejaa. Walikuja wenye kesi na wasio na kesi. Wewe ulikaa nyuma ya pazia, umejifunika gubigubi, nami nikakaa mbele ya pazia. Kadhi alikuwa mtu mpole, mnene, na hakupenda kupoteza muda. Ulipomweleza akasema, "Maneno ya talaka usiyaguse. Sema mengine yoyote." Akamkalisha Ishaq karibu naye, akamjaza tambuu mdomoni asiweze kusema, mpaka mashavu yakavimba. Fakihi na Mohdhar wakakaa mkekani, wanamtazama Ishaq usoni.

Halafu nyuma yangu akakohoa nahodha Ishaq.

Nilitaka kusimama nimpishe, ingawa nilijua ni wewe.

"Fakihi! Weye! Tezo yangu ya kuchongea iko wapi?"

Fakihi akaruka kama aliyekanyaga mwiba. "Naileta, nahodha. Wallahi kesho naileta." Na hakumtazama Ishaq. Alilitazama pazia.

"Kesho ya mwaka gani? Na mshipi wangu je? Na hiyo kofia kichwani mwako ni ya nani?"

Fakihi akaivua kofia. Aliivua kweli, akaishika mkononi, na Ishaq amekaa mbele yake mdomo umejaa tambuu. Sebule ikapasuka kwa kicheko. Kadhi alijifunika uso kwa kilemba. Ishaq akatema tambuu, akasema, "Shekhe, hata mimi nilitaka kumjibu."

Kadhi alipopata pumzi aliwauliza wale wawili kama bado wataapa. Mohdhar akasema, "Mimi, shekhe, kuanzia leo sauti yangu mwenyewe siiapii." Fakihi alitikisa kichwa kukataa.

Basi kadhi akahukumu. Barke ni mke wa Ishaq, wala hakuacha kuwa mkewe hata saa moja. Kisha akaligeukia pazia. "Na wewe, binti Shee, neno hilo si la kuchezea."

"Nimesikia, shekhe," ulisema. Ulijibu kwa sauti yako mwenyewe, nyembamba, na wanaume waligeuka kutazama ni nani aliyeingia.

Dada, watu huniuliza kama mchezo wako ulikuwa mzuri kama wasemavyo wanawake. Mimi ni mwanamume. Sikuwahi kukuona ukicheza, wala siku ile sikukuona. Nilikusikia tu kwa maneno yale machache ya tezo na kofia. Yananitosha. Hakuna fundi wa visiwa hivi, mimi nikiwamo, aliyewahi kutengeneza kitu kikakubaliwa hivyo na watu waliokuja kukikataa.

Ulibaki Kismayo. Wake wa wafanyabiashara walikupokea, na baada ya muda ikawa harusi ya mjini bila wewe si harusi. Ulialikwa mpaka Lamu, ukaenda mara nyingi, na waliporudi wasafiri walisema wanawake wa huko waliziba midomo kwa leso wasisikike barabarani. Talaka hukuicheza tena. Uliombwa, ukatoa mchezo mwingine.

Miaka michache kabla ya vita vya Wazungu alikuja mgeni mmoja na mashine ya kupiga picha zinazotembea. Alikuwa amesikia habari zako, akamtuma mkalimani wake kwangu. Alitaka usimame uwanjani na ndevu zako, mashine ikutazame. Nilikuletea habari hiyo nikidhani utafurahi.

"Picha hizo wataziangalia akina nani?" uliniuliza.

"Watu wa huko kwao. Wanaume, wanawake, wote."

"Mwambie nilikwisha kusimama mbele ya wanaume mara moja, kwa ajili ya Barke. Yeye ana Barke gani?"

Nilipeleka jibu hilo kama lilivyo. Mkalimani alishindwa kulitafsiri.

Tangu ututoke, bendera ya pale forodhani imebadilishwa, na wamekuja maofisa wapya wanaotembea vifua mbele na kusema kwa mikono. Wanawake wa mjini wanalalamika kwamba wamekuja ukiwa umeshakwenda. Wasichana uliowafundisha wanajaribu. Wanaanza na kikohozi, kama ulivyowaonyesha. Mmoja anakaribia.

Tunaokukumbuka ni mimi Athmani na mke wangu Ummi. Zakia, binti yako, na watoto wake. Na Barke na Ishaq wa Kudhaa pamoja na watoto wao, ambao wote isipokuwa mkubwa wamezaliwa baada ya hukumu ile. Barke ameniomba nimwandike na yeye kuwa ndugu. Ni ndugu. Maadamu tunapumua, Mwanalima, jina lako litatajwa kwetu kwa sauti ya juu. Mola akulaze mahali pema.

Na wale wa Chovai wanaosema ulicheza kwa kutaka sifa, wasome hapa sifa hizo zilikugharimu nini. Abdulqadir alikupa talaka juma lile lile, talaka ya kweli, kwa sauti yake. Nyumba ilibaki kwake. Zakia alibaki kwake pia, ukawa unamwona siku za Idd, naye akaja kukua akimwita mama mwanamke mwingine. Bi Salme alikufa bila ya kusema nawe tena. Wanawake wa kisiwa chetu hawakukualika ndani hata siku moja. Na Zakia alipoolewa, vugo lilipigwa Chovai, mlango ukafungwa, matanga yakatundikwa, na wewe ulikaa nje pamoja nasi wanaume, ukisikiliza.