Mbwa wa Nyasi Aliyenenepa Bila Kula

Kituo cha Sanaa,
Wirrapunti,
Jangwa la Magharibi.
Jumamosi, 6 Desemba

Mpendwa Bibi,

Kabla hata sijakusalimu, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, wala Janita ninayelala naye chumba kimoja. Ile sauti ya mbwa kwenye filamu yetu ni yangu. Nimeshaandika sasa, siwezi kufuta. Tafadhali usimpe nesi akusomee barua hii. Vaa miwani yako, usome mwenyewe polepole.

Haya, sasa nakusalimu vizuri. Hujambo, Bibi? Hiyo mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha, au umeanza kuizoea? Umepata mtu wa kukuchomea mkia wa kangaruu, au bado wanakulisha ile supu isiyo na chumvi? Hapa sote wazima. Joto limeanza kwa nguvu, na mbwa wako wamechimba mashimo chini ya kitanda chako cha nje ili walalie mchanga wa baridi. Soksi ndiye mwenye shimo kubwa kuliko wote. Gari likija kutoka mjini anatoka, anatazama nani anashuka, kisha anarudi shimoni.

Shule nimemaliza. Siku ya vyeti nilitakiwa niseme maneno machache mbele ya watu. Nilifika hadi kwenye kipaza sauti, nikavuta kofia ya sweta mpaka puani, nikarudi kukaa. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo. Unaijua aibu yangu.

Tangu hapo niko kituoni na binti zako, Mama Marlene na Mama Delphine. Unamkumbuka yule mbwa wa nyasi uliyekuwa ukimshona, ukamwacha ana kichwa na miguu ya mbele tu? Mama Marlene alimmalizia, akamshonea sufu nyeupe kwenye miguu yote minne, ndipo tukamtambua kuwa ni Soksi. Kirsty, msimamizi wa kituo, akasema mbwa huyu anastahili filamu. Tukatunga hadithi: Soksi anatembea kwa miguu kwenda mjini kumtafuta bibi yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Unamweka mbwa mchangani, unapiga picha, unasogeza mguu kidogo, unapiga nyingine. Upepo ukivuma unasubiri. Asubuhi nzima inaisha naye hajapita hata nyumba moja, na nyumba zenyewe ni makopo ya maziwa. Lakini ukizipitisha picha zile haraka haraka anatembea, Bibi! Makalio yanakwenda upande, kama Soksi wa kweli. Mara ya kwanza nilipomwona akitembea nilitoka nje nikazunguka jengo peke yangu, kwa furaha.

Tatizo likawa mikono. Wanao hawawezi kukaa mikono mitupu, wewe ndiye uliyewafundisha. Kila nilipoinama kwenye kamera, Mama Marlene aliona mahali palipolegea, akachomeka nyasi na kuzungusha uzi. Mama Delphine naye alifanya hivyo hivyo upande wa pili. Siku hadi siku hatukuona tofauti yoyote. Tulipoitazama filamu nzima kwa mkupuo, mbwa aliyetoka nyumbani mwembamba anafika mjini ametuna kama ng'ombe, na njia nzima hajala kitu. Kirsty alishika kichwa.

“Nani kamnenepesha huyu?”

“Si mimi,” akasema Mama Delphine, sindano ikiwa bado mkononi.

“Si wewe nani? Kutwa unamshona tumbo!” akasema Mama Marlene.

“Na hayo matako kashona nani, dada? Mbona yamefanana na ya kwako?”

Tulicheka mpaka Kirsty naye akakaa chini. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza upya, kwa hiyo hadithi ndiyo iliyobadilika. Sasa Soksi akifika kila nyumba anasema hajala tangu jana, tunaona sahani aliyoiacha tupu, halafu anaendelea na safari. Mwishoni hawezi kupita mlango wa hospitali. Nani hamjui mbwa wa namna hiyo hapa kwetu?

Ilibaki sauti. Yule mtangazaji wa redio ya mjini alituma yake. Ni mtu mzuri, ila anaiongea lugha yetu kama anayesoma habari za mafuriko. Watoto wa chekechea walimsikiliza, wakaondoka mmoja mmoja kwenda kucheza mpira. Iliniuma, maana Soksi si hivyo. Kesho yake alfajiri nikaingia kwenye lile gari bovu nyuma ya nyumba yako, nikapandisha vioo, nikajifunika blanketi na kishikwambi cha kituo, nikajirekodi nikiongea kama Soksi. Blanketini hakuna anayenitazama, hata mimi mwenyewe sijitazami. Nilimaliza nikiwa nimelowa jasho kama niliyetoka bwawani. Nikakirudisha kishikwambi mezani; Kirsty akaikuta ile sauti, akaitia kwenye filamu bila kujua ni ya nani.

Filamu ilionyeshwa ukutani mwa shule. Watoto walianguka chini kwa kucheka, na sasa wote wanaongea kama Soksi: “Mama, sijala tangu jana!” Hata Tyrese, ambaye nyumbani kwao wanaongea Kiingereza tu, analisema hilo kwa lugha yetu. Wazee wa kiume walisimama mbali kwenye uzio wakijifanya wanangojea mafuta ya gari, lakini niliwaona mabega yakitikisika. Basi watu wakaanza kumtafuta mwenye sauti.

“Ni Marlene yule!”

“Mimi? Mimi nikibweka mume wangu atakimbia mpaka baharini.”

Sasa kila mtu anamtaka Soksi. Zahanati wanataka filamu ya kuwafundisha watoto kunawa uso ili macho yasiugue. Walinzi wa ardhi wanataka moja ya ngamia wanaochafua visima. Mwalimu anataka ya majina ya wanyama, kwa sababu bango la ukutani hakuna anayelitazama. Mimi nimefikiri sana jambo hili, Bibi. Daktari akisema nawa uso, mtoto anatazama viatu vyake. Mbwa wa nyasi akisema, mtoto anamjibu.

Kaka Dwayne anasema tunapoteza muda. Akasema, “Simu yangu inatengeneza mbwa kabla chai yenu haijapoa.” Na kweli ikatengeneza, mbwa mzuri mno, manyoya yanapepea. Watoto wakamzunguka, wakauliza, “Mbwa wa nani huyu?” Dwayne akasema si wa mtu. “Anakaa nyumba gani?” Hakai popote. Wakamwangalia Dwayne kwa huruma, wakaenda zao. Sijui simu zitajifunza nini baadaye, labda mengi. Lakini nyasi za Soksi zimechumwa na watu tunaowajua, na tumbo lake tunajua nani kalishona. Nadhani watu watataka kuliona hilo hata nitakapokuwa na umri wako.

Sasa lililoninyima raha ni hili. Jana Kirsty alisema mwenye sauti asipojitokeza kufikia Jumatatu, filamu zote zinazokuja atapewa yule wa redio. Watoto wataondoka tena. Na mimi nikifikiria kusimama na kusema “ni mimi”, naivuta kofia ya sweta mpaka puani.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye gari ili nikae tu. Nikakuta chupa ya maji yaliyogandishwa kwenye kiti na blanketi jepesi limekunjwa. Baadaye Mama Marlene, akishona, akasema bila kumtazama mtu, “Lile gari lina joto. Mtu akikaa mle bila maji atakauka kama nyama.” Kirsty alipouliza tena habari ya sauti, yeye ndiye aliyemjibu: “Usimkimbize huyo mbwa, mama. Mwekee chakula, ukae mbali.”

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu jua likichomoza nitakuwa garini, na Soksi mwenyewe ndiye atakayemjibu Kirsty. Atasema: “Mimi Soksi nimekubali kazi. Yule wa redio mwacheni asome habari. Mkiuliza jina la mtu, nitawauma.” Kirsty atakuta kishikwambi mezani.

Nisalimie Bibi Noreen wa kitanda cha jirani na Mjomba Clifton akija kukutembelea. Mama, Janita na mbwa wote wanakusalimu. Mungu aitunze damu yako, akurudishe kwenye kitanda chako cha nje hata kwa siku chache.

Jumanne filamu itaonyeshwa humo humo kwenye chumba cha mashine. Sikiliza vizuri, Soksi kabla hajaomba chakula anakohoa kidogo, halafu anasema “aah-aah”. Hicho kikohozi ni chako, Bibi, nilikichukua bila ruhusa. Nina hakika Bibi Noreen atakugeukia. Akikuuliza ni nani, usiseme ni mjukuu wako. Mwambie ni mbwa wako.

Mimi ninayekupenda kuliko Soksi anavyopenda nyama,
mjukuu wako,
Lorelle