Namba Saba wa Kikundi cha Maombi

Mwenzangu, nimeumbuka! Darasa limeisha sasa hivi, nimekaa kwenye ngazi nakuandikia.

Nimewasilisha ule utafiti wangu wa mambo yanayojirudia mtandaoni, miezi mitatu ya jumbe za kikundi chetu cha maombi. Nikasema kwa sauti kubwa, "Namba Saba hujibu 'Amina' ndani ya sekunde tatu, hata kama sala ya sauti ni ya dakika sita. Mara arobaini na moja! Huyu ni mnafiki."

Mnafiki! Kwa kinywa changu hiki!

Mwalimu akauliza, "Unamjua?" Nikamwambia simjui, wewe rafiki yangu ndiye uliyeficha majina kwa namba, na orodha iko kwenye bahasha uliyonipa. Akasema, "Basi ifungue, mama, ujisomee kimya kabla hujamhukumu mtu."

Nikafungua. Saba ni mimi.

Ni MIMI! Na wewe ulijua ukanyamaza! Darasa zima likausoma uso wangu, wakacheka mpaka mzee wa mbele akadondosha miwani. Mwalimu naye: "Hongera, utafiti umefaulu. Wa kuombewa ni mtafiti."

Cheka tu. Mungu amenisuta, na nilistahili. Nimeshatubu.

Lakini nimefungua sala yako ya jana, niliyoijibu kwa sekunde mbili. Nimeisikiliza yote, mara mbili. Dada yangu, kumbe mama yako anafanyiwa upasuaji kesho asubuhi, na utasubiri pale hospitalini peke yako?

Usinijibu kitu. Kesho saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa mlangoni kwako.