Baba Ameamka, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na si kwa mikate mikavu tu. Sisi huku hatujambo, na safari hii hata Baba namtia humo humo.

Kwenye simu nililia tu, hukuambulia kitu. Baba alianguka karakanani, moyo ukasimama. Mama mshonaji wa mlango wa pili ndiye aliyemkandamiza kifua mpaka ambulensi ikaja, na moyo ukarudi. Lakini daktari alitutahadharisha kuwa huo ni mwanzo tu: ubongo ulikosa hewa, na hakuna aliyejua kama ataamka akiwa Baba wetu yule yule. Wakamlaza kwa dawa, mashine ikimpumulia, mwili wakiupoza makusudi asipate homa. Mama yetu, somo hilo lilimshinda. Muuguzi akigeuka tu, yeye blanketi juu, mpaka akatishiwa kwa utani kuwa atafungwa mikono.

Sasa ameamka. Analalamikia mbavu kuliko moyo. Kumeza anafundishwa upya kwa uji, kutembea anashikwa mkono. Maneno mengine yamempotea. Randa anaiita kinyozi wa mbao. Tulicheka, kisha nikatoka nje nikalia. Wewe anakuulizia kila asubuhi, mbona huji, kana kwamba hamkuwahi kugombana. Daktari alisema kumbukumbu zinaweza kupotea hivyo. Mama akamshukuru Mungu, akatukataza kumkumbusha. Nawe ulimwambia Mama kwenye simu kuwa unaogopa kuja, usije ukamsimamisha moyo tena.

Basi nikwambie nililokatazwa. Jana nilipokuwa namnyoa ndevu, Mama hayupo, alinishika mkono. Akasema polepole, akiyatafuta maneno, kwamba anakumbuka yote: ulivyoukataa useremala, alivyokufukuza, hata ulivyoubamiza mlango aliouchonga mwenyewe, na bawaba yake haijakaa sawa mpaka leo. Miaka yote hiyo alitafuta namna ya kukuita bila kuomba radhi, ikamshinda. Ugonjwa umempa njia. Akaniapisha nisikwambie, na jina langu la utani analijua fika, maana ndiye aliyenipa.

Njoo, Kaka. Ukifika, nawe jifanye umesahau. Ila usisahau bisibisi.

Mama anakusalimu sana, na mshonaji pia. Baba hakusalimu, anasema utasalimiwa ukifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasuku