Malaga Bila Mimi

Jumapili, 6 Aprili

Theluji tena. Aprili! Nimetoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba, nikachemsha chai na kurudi Malaga. Kwenye simu tu, kwa sasa; safari ni mwisho wa mwezi.

Leo nimepata mkahawa. Uko ufukweni, mtaa wa zamani wa wavuvi, viti vya buluu. Sardini wanazitunga kwenye vijiti na kuzichoma kwa moto uliowashwa ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Mate yalinijaa. Asubuhi tutakula yale mahamri yao marefu ya kuchovya kwenye chokoleti nzito. Halafu soko la samaki. Halafu ngome ya Waarabu kule kilimani, taratibu, maana goti la rafiki yangu Salome si zima. Jioni kuogelea, hata maji yakiwa baridi. Nimemtumia kila kitu. Amejibu: shoga, wewe ni hatari.

Wazo lilikuwa lake. Tangu mume wangu Daudi afariki sijaenda popote ila kazini na kanisani. Salome ndiye aliyelala sakafuni kwangu wiki nzima ya matanga. Alitoka Tumba na godoro lake, akapanda nalo treni mpaka hapa Spånga, watu wakimkodolea macho. Ndiye aliyesema, Mama Neema, lazima twende mahali penye jua ucheke tena. Sina ndugu hapa Uswidi zaidi yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Safari imevunjika. Salome amepiga simu nikiwa namlisha mzee uji. Mama mkwe wake amelazwa Tanga, hali mbaya. Haoni vizuri kustarehe na mtu yuko kitandani. Kweli kabisa. Nimemwambia asijali. Nimerudisha likizo. Bosi kafurahi, upesi mno. Nikalia kidogo chooni, kisha nikajiona mbinafsi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimesimama kanisani kuomba maombi kwa ajili ya mama mkwe wa Salome. Kanisa zima limemwombea, Wakongo kwa sauti ya juu kama kawaida yao. Salome kando yangu, macho kafumba, anaitikia amina. Nimempa sufuria ya pilau aende nayo, asihangaike kupika na mawazo yale.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nina simu mbili, kama sisi wote hapa. Moja ya Uswidi. Nyingine kuukuu, ina laini ya Kenya, ya kuongea na dada yangu Mombasa. Leo nimeichaji, nikapitia status za watu. Salome. Viti vya buluu. Sardini kwenye vijiti. Miwani ya jua, mdomo mwekundu, anacheka mpaka jino la mwisho. Pembeni yake wanawake wawili wa kazini kwake.

Nikafungua simu ya Uswidi. Hakuna kitu. Yaani kaketi, kaitafuta namba yangu, kanificha. Ya Uswidi kaificha, ya Kenya kaisahau. Mjinga!

Mkahawa wangu ule. Niliutafuta mimi. Na yule bibi wa watu tuliyemwombea? Mzima wa afya, pengine sasa hivi anapalilia muhogo wake. Haki ya Mungu, Salome amenichezea shere, tena kanisani. Na pilau yangu kala.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimetazama tena. Leo wako ngomeni. Goti limepona ghafla, lo!

Namchukia. Sijala. Neema kaniuliza kwa Kiswidi nina nini, nikasema kichwa. Mtoto wangu mwenyewe nimeona aibu kumwambia. Niseme nini, kwamba rafiki wa mama yako kamkimbia?

Jumanne, 29 Aprili

Salome kaja. Jua limemkolea usoni. Mkononi mfuko wa zeituni, eti kazipata duka la hapa jirani, Rinkeby. Kasema mama mkwe anaendelea vizuri, asante kwa maombi. Hakupepesa jicho.

Nikaweka ile simu kuukuu mezani, picha juu.

Nilitaka aombe radhi, nipate kumtukana. Maneno nilikuwa nayo tayari. Hakuomba. Aliitazama picha, akakaa. Halafu akasema, "Nilichoka kulia na wewe, Mama Neema. Nilitaka kucheka siku chache tu. Nikashindwa kukuambia."

Nikamwambia atoke. Katoka. Zeituni nimezitupa. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani. Nimeshinda jikoni na Neema, tunamenya viazi. Nikamwuliza: hivi mimi ni mtu wa kulialia? Kaweka kisu chini. Kisha akajibu kwa Kiswidi, polepole, kama mtu anayeshika kitu cha moto. Ndiyo, mama. Kwamba hata yeye kuna siku hubaki maktaba mpaka ifungwe, asifike nyumbani mapema.

Nikasema asante. Tukaendelea na viazi.

Salome sijamsamehe. Kweli yake angeniletea hapa jikoni. Ningelia, ndiyo, lakini ningeisikia. Yeye kaniletea uongo, na maombi yangu kayaitikia amina. Kapiga simu mara kadhaa. Sijapokea. Siku nitakayopokea sijui nitasema nini.

Bosi amekubali wiki moja ya Septemba. Nakwenda Malaga. Neema kataka kufuatana nami, nikamkatalia, nikamkumbatia. Nataka kukaa mezani peke yangu. Nikilia huko, sina wa kumchosha.