Wananiita Winchi, Lakini Mkono Unakufa Ganzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa nasoma safu yako kila wiki na najua utacheka. Mimi ni fundi wa mawe, tunakata na kung'arisha mabamba ya granaiti na marumaru kwa ajili ya kaunta za jikoni, na pale karakana wananiita Winchi kwa sababu tangu ujana wangu nikishika bamba halishuki mpaka niseme mimi, na jina hilo limenipa heshima hadi ukweni, hata baba mkwe ananiita hivyo. Sasa bosi akanunua winchi yenyewe, mashine ya kunyanyulia mizigo, ya chuma, ina mnyororo na makucha ya kubania jiwe, na kusema kweli nilijiona nimetukanwa, kwa hiyo nikawaambia wenzangu kuwa chombo kile ni cha wagonjwa na wazee, wakacheka sana, na tangu siku hiyo tunakitumia kutundikia makoti.

Tatizo ni kwamba kiuno kimeanza kunikamata, asubuhi mke wangu ndiye anayenifunga kamba za viatu, bega halipandi, na nikishinda nimeinama juu ya meza fupi na grinda, ile mashine ya kusagia na kung'arishia mawe, vidole vinakufa ganzi, juzi nilidondosha kikombe cha chai nikamwambia mke wangu kilikuwa na mafuta. Mwisho wa mwezi huu tuna bamba la kupandisha ghorofani kwa ngazi, kwa mikono kama kawaida yetu, na ninayebeba naye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye nilimwingiza kazini mimi mwenyewe. Nimemwambia akae upande wa chini na mimi nikae juu kwa kuwa mkubwa ndiye anayeongoza njia, lakini ukweli ni kwamba chini ndiko kwenye uzito na mgongo wangu hauuwezi tena, na ninachoogopa ni huu mkono kufa ganzi tukiwa katikati ya ngazi.

Mke wangu anatishia kwenda kwa bosi. "Ukimaliza kujivunja wewe, utamvunja na mdogo wangu," ameniambia, na tangu hapo haniongeleshi. Naomba unitajie dawa ya maumivu iliyo kali kuliko hizi ninazonunua dukani, na pia maneno mazuri ya kumtuliza mama watoto. Nikishika ile mashine watanicheka mpaka nistaafu.

Ni mimi, Winchi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Winchi. Pole ya kiuno, pole ya bega, na pole zaidi kwa wivu. Nimewahi kushauri wanaume waliomwonea wivu jirani, dereva, hata daktari wa meno, lakini wewe ni wa kwanza kuuonea wivu mnyororo. Na hongera kwa makoti. Nina hakika hayajakunjamana, na hakuna hata moja lililolalamika kiuno.

Nilimpigia simu fundi mwenzako mmoja nikamuuliza bamba linabebwaje. Akasema halilazwi hata kidogo, linasimamishwa wima kwenye fremu ya mbao, linawekewa mpira chini, linafungwa mkanda, na atakayeligonga atasemwa mpaka jioni, maana likipinda kidogo tu limepasuka. Kumbe mnajua kabisa kwamba kuna vitu havitakiwi kupinda! Wewe mgongo umeukunja juu ya meza fupi kutwa nzima, grinda inakutetemesha mpaka mifupa, na hakuna aliyekuwekea hata kipande cha mpira chini ya miguu. Ungezaliwa jiwe, ndugu yangu, ungetunzwa.

Unataka dawa kali. Mimi sitibu, naandika gazetini. Ila najua kwamba kidonge cha maumivu kitaunyamazisha mgongo wako na hakitaurudishia nguvu, na pale karakana mgongo wako ndio pekee unaosema ukweli. Maneno ya kumtuliza mkeo pia sina. Anayekufunga kamba za viatu ana haki ya kuuliza hivyo viatu vinakwenda kubeba nini.

Sasa sikiliza. Nenda hospitali, umweleze daktari habari za grinda na vidole, siyo habari za kikombe chenye mafuta. Mpaka akuchunguze, usinyanyue jiwe wala usiguse grinda. Kwa bosi nenda wewe mwenyewe kabla mkeo hajakutangulia. Mwambie meza ziinuliwe zifike usawa wa kiuno, na mafundi wapokezane grinda, mtu asishinde nayo siku nzima, na apumzike kabla mwili haujaanza kupiga kelele. Makoti yahamie ukutani. Kila bamba linyanyuliwe na winchi, lisukumwe kwa toroli, na kwenye ngazi ambako winchi haifiki, bosi akodi mashine ya kupandishia, au jiwe likatwe vipande karakana na kuunganishwa huko huko juu. Wewe ndiye uliyeifanyia kejeli ile mashine, basi wewe ndiye uwe wa kwanza kuisifu.

Watacheka, ndiyo. Halafu utawaona wanajisogeza mmoja mmoja kuja kuitumia, mkono kiunoni. Au ulidhani ni wewe peke yako unayefungwa viatu?

Lipo moja ambalo sitalifanyia mzaha. Umemweka kijana wa watu chini ya jiwe ukamwambia hiyo ni heshima yako kama mkubwa. Atapanda ngazi kinyumenyume au kwa mbele, sijui, lakini atapanda akiamini mkono ambao wewe mwenyewe huuamini kushika kikombe. Hilo si tatizo la kiuno, Winchi. Huo ni uongo, na anayeweza kuulipia ni yeye.

Ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti, mpigie simu. Usianze na utani wa mashemeji. Mwambie, "Mkono wangu unakufa ganzi, siwezi kukushikia jiwe." Akikucheka, mwache acheke. Atakuwa anacheka akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.